Ukurasa wa Mlimani

Mchoraji alikuwa amemaliza kurasa zote isipokuwa mmoja. Gharika ilikuwa tayari, na twiga kachungulia kwenye dirisha la safina. Samaki wa Yona, aliyemsumbua wiki nzima kwa yale mapezi yake, alikuwa amekauka rangi ukutani. Uliobaki ni ukurasa wa mlimani, pale Ibrahimu anapomlaza mwanawe Isaka juu ya kuni na kushika kisu. Kila alipouendea alikumbuka kazi nyingine: achonge penseli, aoshe brashi, apange karatasi ambazo zilikwisha pangwa.

Kitabu kilikuwa cha watoto wa miaka saba hadi kumi, hadithi za Torati na Manabii kwa picha. Maneno yaliandikwa na rabi wa sinagogi dogo la mtaa wa nyuma, mzee mwembamba aliyemfundisha mchoraji kusoma tangu hajang'oka meno ya utoto. Mchapishaji alitaka kisu kiondolewe, kisije kikawanyima watoto usingizi. Rabi akakataa katakata.

"Kisu kikiondoka, itakuwa baba na mwana wamekwenda matembezi," alisema.

Lakini na mchoraji naye alirudishiwa michoro mitatu. Wa tatu rabi aliushika kwa ncha za vidole, kama nguo iliyolowa.

"Huyu wako anakata mkate. Hebu mtazame usoni. Mtu kaambiwa amtoe mwanawe, halafu anakaa hivi, kama anasubiri chai?"

"Sasa nimchoreje, mwalimu?"

"Ningejua, si ningechora mwenyewe?"

Jumanne ile mke wa mchoraji, muuguzi, alikuwa zamu ya mchana. Binti yao alirudi shule saa saba na nusu. Alikuwa na miaka minane, na nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ndiye aliyekuwa akimkalia baba yake mikao ya picha: alishakuwa Nuhu, alishakuwa njiwa, na siku moja alikuwa wimbi. Kusikia leo ni Isaka, akapanda mezani mwenyewe.

"Isaka si mvulana?"

"Nataka magoti yako tu. Kichwa nitabadilisha."

"Magoti yangu yana makovu."

"Hata Isaka alipanda mlima, hakubebwa."

Alimfunga mikono kwa utepe wa bluu, fundo legevu. Chiriku akacheka, akadai pua inamwasha, akakunwa, akauliza zile kuni zilikuwa za mti gani. Halafu maneno yakaanza kuachana nafasi. Alikuwa amecheza mpira mapumziko mazima. Usingizi ukamchukua palepale mezani, mdomo wazi.

Baba yake hakumwamsha. Akachora magoti, akachora utepe, akachora shingo. Mkono ulikuwa umekubali siku hiyo. Ukabaki uso wa Ibrahimu. Akaleta kioo kirefu cha chumbani, akakiegemeza ukutani ng'ambo ya meza. Akaenda jikoni akachukua kisu cha nyama, akasimama pembeni ya mtoto, akainua mkono, akajitazama.

Mara ya kwanza aliona muuza nyama. Mara ya pili aliona mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mara ya tatu akacheka peke yake. Ndipo akafanya lile alilokuwa akilikwepa wiki zote. Akafumba macho, akajiambia kweli: umeambiwa. Si mchezo. Umetembea siku tatu, na ni huyu. Alijiambia taratibu, akawaza kesho asubuhi, viatu vya shule mlangoni na hakuna wa kuvivaa. Akafumbua macho. Mle kiooni alisimama mtu asiyemfahamu. Macho yake yalikuwa makavu, midomo imesinyaa, na shavuni mshipa ulikuwa unacheza. Ndiye. Akabaki anamkodolea, pumzi kaizuia, asije akampoteza.

"Baba."

Hakusikia. Au alisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Baba!"

Sasa ndio akayaona macho ya mtoto ndani ya kioo. Hayakuwa kwenye kisu. Yalikuwa kwenye uso wake.

Akageuka upesi kumwambia si kitu, mwanangu, ni picha tu. Lakini aligeuka na kisu mkononi, na ule uso ulikuwa bado haujamtoka. Chiriku akajiviringisha, akaanguka upande wa pili wa meza kwa kishindo, akainuka, akapita chini ya mkono wa baba yake, mlangoni, ngazini. Hakupiga kelele. Mtoto huyu akiona mende mtaa mzima unajua. Leo hakutoa hata mguno. Hilo ndilo lililomgandisha baba yake damu.

"Chiriku! Ngoja, mwanangu!"

Akamkimbilia. Ghorofa ya chini yake fundi cherehani alikuwa ameacha mlango wazi apate upepo. Aliona mtoto pekupeku, mikono imefungwa, akipita kama mshale. Kisha akamwona baba. Kitambaa kikamponyoka, macho yakamtoka pima. Mchoraji akafuata pale macho yale yalipoelekea, akakuta kisu kingali mkononi mwake.

Akakiweka chini kwenye ngazi, polepole, kana kwamba upole ungesaidia kitu sasa. "Mama, sivyo unavyodhani," alisema. Mlango ukafungwa usoni pake, na komeo likalia mara mbili.

Alipofika barabarani, mtoto hayupo.

Alitazama kushoto, duka la karatasi na kinyozi. Kulia, mafundi wa manispaa wamechimba mtaro na maji machafu yamejaa hadi mdomoni. Akaenda kwanza kwenye mtaro. Alipiga magoti, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa, akashika kitu laini. Gunia. Akainuka matope tupu, akakimbilia shuleni. Mlinzi wa geti akamwambia watoto walishaondoka wote, kisha akamtazama matope yale na kusogea nyuma hatua moja.

Kutoka barabara kubwa breki zikalia, na kelele za watu zikafuata.

Hakukumbuka baadaye alifikaje. Lori lilisimama kiupandeupande, watu wamezunguka, na yeye anawapenya kwa viwiko huku midomo yake inasema kitu ambacho masikio yake hayakisikii. Chini palikuwa na baiskeli iliyopinda na nyanya zimepondeka lami nzima. Mwenye baiskeli alikuwa amekaa ukingoni anamtukana dereva, mzima wa afya. Mchoraji akataka kumkumbatia. Badala yake akakaa chini palepale kwenye nyanya.

Ndipo wanaume wawili wakamshika mabega. Mmoja alikuwa kinyozi, bado na kitana mfukoni.

"Wewe ndiye uliyemkimbiza mtoto na kisu?"

"Ni binti yangu."

"Hatujauliza ni wa nani. Tumeuliza kama ni wewe."

"Ni mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza akajisikia akisema ukweli ulivyo. Hakuongeza kwamba ilikuwa picha. Alihofu kwamba hata yeye mwenyewe asingejiamini.

Walimkalisha kwenye benchi la kinyozi, mmoja kila upande. Fundi cherehani alikuwa amepiga simu hospitali, kwa hiyo haikuchukua muda mke wake akafika, mavazi ya kazi mwilini, kofia mkononi, anahema.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Sijui."

"Umemfanya nini?"

Akaanza kueleza: kioo, uso, rabi na mkate. Alivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Mke wake hakumpigia kelele. Alimtazama kama anavyotazama kipimo cha joto cha mgonjwa, anasoma namba tu. Simu yake ikalia. Akasikiliza, akafumba macho, akasema, "Nakuja." Kisha akawaambia wale wawili, "Yuko sinagogi. Huyu tunakwenda naye. Mkitaka tufuateni." Nao wakafuata.

Rabi aliwapokea mlangoni pa chumba cha vitabu. Alikuwa amepauka kuliko karatasi zake. Chiriku alikuwa amejikunja kati ya kabati mbili, magoti kidevuni, utepe wa bluu bado mikononi. Kwa kuhangaika alikuwa amelikaza lile fundo.

"Ameingia akaniuliza swali moja," rabi alinong'ona. "Kaniuliza, 'Wewe ndiye uliyemwambia baba aniue?' Miaka arobaini nafundisha hadithi ile, na sijawahi kuogopa mtoto. Leo nimeogopa."

Mchoraji akapiga hatua mbele. Mtoto akajibana kwenye ukuta. Akarudi nyuma, mgongo ukagusa mlango, akakaa sakafuni papo hapo. Mama ndiye aliyeingia kati ya kabati na kulifungua lile fundo kwa meno.

Hatimaye Chiriku akamuuliza rabi, kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka akamaliza, "Isaka alirudi nyumbani na nani?"

Rabi akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Imeandikwa Ibrahimu alirudi kwa watumishi wake. Isaka hakutajwa."

"Hakutaka kutembea na baba yake."

"Haijaandikwa hivyo."

"Mimi najua," alisema mtoto. Ndipo akamtazama baba yake, kwa mara ya kwanza tangu kiooni. "Wewe ungeambiwa ungenifanya vile?"

"Nisingefanya."

"Hata ukiambiwa na Mungu?"

Mchoraji akamtazama mwalimu wake wa utotoni. Rabi alikuwa ameinamia sakafu. Mchoraji akahisi kwamba jibu lolote atakalotoa mtu atalisikia, wa humu chumbani au asiye wa humu.

"Hata hivyo. Ningemwambia hapana, mwanangu. Ningemwambia achague kitu kingine."

"Na akikasirika?"

"Akasirike."

Wale wanaume wawili mlangoni wakatazama pembeni. Rabi akakohoa. "Ibrahimu huyohuyo alimbishia Mungu kwa ajili ya watu wa Sodoma," alisema kama anayejisemea. "Wageni kabisa. Alipunguza idadi kama mtu sokoni, hamsini, arobaini, mpaka kumi. Kwa mwanawe hakufungua mdomo. Sijui kwa nini. Nimewaambia watoto wengi kwamba najua. Sijui."

Chiriku alirudi nyumbani ameshika mkono wa mama yake. Baba alitembea nyuma yao hatua kumi, kama alivyoambiwa. Kwenye ngazi kisu kilikuwa hakipo. Fundi cherehani alikichukua, na hakukirudisha. Miezi mitatu hakuitikia salamu ya mchoraji, naye hakumlaumu.

Mtoto alilala na mama yake mwezi mzima. Alikula, alikwenda shule, taratibu akaanza tena kusema, kwanza na mama, kisha na paka wa jirani, kisha na baba, maneno mawili matatu ya lazima. Mezani hakupanda tena.

Ukurasa ukachorwa, kwani kazi ilikuwa ya watu. Mchoraji aliuchora kutoka chini, kama anavyoona aliyelala: mbingu, matawi, mkono wa baba, na uso ule. Alihitaji usiku mmoja tu. Uso ule aliukumbuka kuliko alivyotaka. Isaka hakuonekana isipokuwa vidole vyake, vimeshika ukingo wa kuni. Rabi naye akafuta maneno yake ya zamani, na mahali pake akaandika kwamba Isaka aliogopa sana, na kwamba hatujui alishuka mlima na nani. Mchapishaji akalalamika kuwa wazazi watauliza. "Waulize," rabi akamjibu.

Kitabu kilipofika, Chiriku alikisoma chote sebuleni, kwa sauti. Alipofika mlimani alishika karatasi mbili kwa pamoja, akazifunua, akaendelea na hadithi iliyofuata, ya kisima.

Siku hizi wakati mwingine husimama kwenye mlango wa chumba cha kazi, akiwa na swali la hesabu au habari ya shule. Baba yake akimsikia anaweka penseli chini. Anageuka polepole, viganja vyote viwili juu ya meza, wazi, mahali anapoweza kuviona. Kisha anasubiri. Siku nyingine mtoto huuliza kutoka palepale. Siku nyingine, huku anatazama ile mikono, huingia.