Ndala Mlangoni mwa Mboni

Usiku wa jana niliota mashine ya kupimia presha imenishika mkono na haitaki kuniachia.

"Niachie bwana, nina kazi," naiambia.

"Kazi yako ni shangazi yako. Twende."

Shangazi Mwanjaa ndiye aliyenilea. Ana presha, na kwa ubishi hana mpinzani. Namkuta kwenye benchi la kliniki, kajifunga kanga zake, ila jicho lake la kulia limekuwa kubwa kama nyumba. Sikushangaa hata kidogo. Mboni ndiyo mlango.

"Hodi," nasema.

"Karibu, ila upite kiubavu," mboni inajibu. "Kuna mwanga mkali, nimejibana."

Mashine, isiyo na adabu, inambwekea shangazi sikioni. Anashtuka. Papo hapo mboni inafunguka wazi, na Presha, bwana mnene mwenye shati jekundu, anapanda ngazi mbio.

"Mbona nyote wawili kwa pamoja?" nauliza.

"Hofu ikituita, tunaitika sote," mboni inasema. "Ikipita, mimi narudi zangu. Huyu mwenzangu siku hizi hashuki."

Kweli, bwana yule kakaa juu kabisa, kakunja nne.

Navua ndala, naziacha mlangoni, naingia. Lo! Ukuta wa nyuma una rangi ya chungwa, na juu yake mishipa ya damu imetanda mitupu, bila ngozi, inapwita. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Machozi yalinitoka.

"Shikamoo," unasema mshipa mmoja mwembamba. "Tunabanwa, dada. Tukipasuka, taa zinazimika humu. Mwambie anywe dawa."

"Anakunywa! Nesi anamsifu kila kliniki."

"Anakunywa ikikaribia kliniki tu. Nyingine zimo kwenye kopo la iliki."

Nikaamka moyo unanienda mbio. Kulikuwa kumekucha. Nikaenda jikoni pekupeku, nikafungua kopo. Juu iliki, chini vidonge tele ndani ya karatasi zake.

"Unachokoa nini humo, Zamda?" Shangazi alikuwa mlangoni.

"Dawa zako, shangazi."

"Aa, hiyo akiba ya siku mbaya. Ukizinywa kila siku mwili unazizoea. Nani kakwambia ziko humo?"

"Shangazi, utapofuka. Utaniacha. Kunywa, nakuomba."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Hakubisha. Nikammiminia maji, akameza kidonge, kisha akaanza kulifikicha jicho la kulia.

"Jicho hili linanikera toka usiku," akasema. "Utadhani mtu kasahau kitu humu ndani."

Nikarudi chumbani kutafuta ndala zangu. Chini ya kitanda hazipo. Nyuma ya mlango hazipo.

Basi zikae huko huko, nikasema, ilimradi taa zisizimike.