Unga wa Vidole Viwili

Mtaani walimwita Mama Upawa, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Miaka ishirini na minane alipika katika jiko la shule ya bweni, watoto mia nne, asubuhi, mchana na jioni, na hakuna siku aliyounguza sufuria. Ukitaka mgombane, mwambie chumvi haijakolea. Mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu, alishamzoea. Mkwewe, msusi mwenye vidole vyepesi na maneno machache, alikuwa bado anajaribu kumzoea, na huu ulikuwa mwaka wa tano. Katikati ya wanawake hao wawili alikuwepo Kidoti, miaka mitatu na nusu, miguu kama vijiti na tumbo limevimba kama puto.

Tumbo hilo liliwazungusha sana kabla ya daktari wa watoto kumpima damu na kusema kinachomsumbua ni ngano. Utumbo wa mtoto huyu haupatani na unga wa ngano, alisema, hata chembe inamdhuru. Ondoeni kabisa na mtaona atakavyonawiri.

Mama Upawa alilipokea neno hilo kama askari anavyopokea amri. Mkate ukapigwa marufuku, biskuti zikagawiwa watoto wa majirani. Na kwa kuwa Kidoti alipenda chapati za maji kuliko kitu chochote duniani, bibi mtu akakaa chini akabuni za kwake, zisizo na unga wa aina yoyote. Kopo la unga wa ngano lenyewe alilibakiza kwenye rafu juu ya jiko, maana baba mtoto akirudi safarini hawezi kuishi kwa karoti.

Watu watakuambia chapati bila unga haishikani. Watu hao hawajui kukamua! Mama Upawa alikwaruza karoti mbili kwa kikwaruzo, upande wa matundu madogo, akazitia chumvi kiduchu, akaziacha zitoe maji, kisha akazifunga kwenye kitambaa safi na kuzikamua mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. Akaongeza boga lililochemshwa na kupondwa likiwa kavu, spinachi iliyokatwakatwa, majani ya kitunguu, mayai mawili. Kijiko kimoja kimoja, moto mdogo, funika, subiri. Geuza mara moja tu, tena pale kingo zitakapokuwa zimekauka zenyewe, siyo pale roho yako inapokuwa imechoka kungoja. Vilitoka vichapati vidogo vya kutosha kiganja cha mtoto, vya rangi ya machungwa na madoa ya kijani, na Kidoti alivila huku akichezesha miguu chini ya meza.

Basi, si ingekuwa mwisho wa habari? Wapi! Wiki tisa zikapita na tumbo likabaki vilevile. Mtoto anakula, anaharisha. Anakula, analia tumbo. Gauni la mwaka jana bado linamtosha, na hilo kwa mtoto wa umri ule si jambo la kufurahia.

Wiki ya nne Mama Kidoti alijikaza akauliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, akiwa anafuta meza ambayo ilishafutwa. "Mama, hakuna kinachoponyoka kweli? Labda kwa bahati mbaya tu?"

Lo! Alichokoza nyuki. Mama Upawa hakupiga kelele, afadhali angepiga kelele. Alinuna. Kwa siku kadhaa aliongea na mkwewe kwa kupitia mtoto: Kidoti, mwambie mama yako chai ipo mezani. Kidoti, mwambie mama yako mvua inakuja, aanue nguo. Mama Kidoti hakuuliza tena.

Jumatatu wakarudi kwa daktari, wote watatu. Mtoto akapanda kwenye mizani, na mizani haikuwa na jipya. Daktari akavua miwani. "Nani anampikia?"

"Mimi," alisema Mama Upawa.

"Na una hakika hapati unga?"

"Daktari, haki ya Mungu nakuapia. Hata chembe. Nimepika maisha yangu yote, najua ninachotia na nisichotia."

Daktari alimwamini. Kwa nini asimwamini? Ukimtazama yule mama utaona mtu anayejua kazi yake. Akaandika barua. Kama siyo unga, alisema, basi kuna kitu kingine, na siwezi kuficha kwamba vingine vyote ni vibaya kuliko unga. Alhamisi wampeleke hospitali kubwa. Atalazwa usingizi kwa dawa, ataingizwa mpira mpaka tumboni, kitakatwa kipande kidogo cha utumbo kikapimwe. Alitaja na jina la ugonjwa anaouogopa, saratani, lile jina ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Mama Kidoti alitoka akasimama kwenye korido akiisoma barua ile mara ya sita.

Sasa tuje Jumanne asubuhi. Mama Kidoti ameshaenda saluni kwake. Mama Upawa yuko jikoni anapika vichapati, na Kidoti kakaa sakafuni na mifuniko ya sufuria, naye anapika vyake vya maganda ya karoti. Mtoto akachovya vidole viwili kwenye kopo tupu, akarusha hewa kwenye mfuniko na kufanya, "Tsss!"

Bibi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu jana. "Unapika nini, mpishi wangu?"

"Bado sijapika. Naamsha kikaango."

"Unakiamsha na nini?"

"Na unga. Kama wewe."

"Mimi sitii unga, mwanangu. Kwenye vichapati vyako bibi hatii unga."

"Kwenye vichapati hutii," alisema Kidoti, akimwona bibi yake leo mzito wa kuelewa. "Unatia kwenye kikaango. Kidogo hivi." Akabana kidole gumba na cha shahada, akamwinulia mkono aone.

Mama Upawa akatazama mkono wake mwenyewe. Kidole gumba kilikuwa cheupe, na cha pili vilevile. Juu ya rafu, kopo la unga lilikuwa wazi, na mfuniko uko pembeni. Na kwenye mafuta ya kikaango, pembeni mwa kichapati cha kwanza, chembe chembe za unga zilikuwa zinageuka kahawia taratibu, zikilialia kama alivyozizoea.

Akavuta kigoda akakaa.

Ndivyo alivyofundishwa na mpishi aliyemtangulia kule shuleni, kwenye vikaango vipana kama meza: rusha unga wa vidole viwili kwenye mafuta. Ukikaa kimya, ngoja. Ukilia na kugeuka kahawia, mimina. Ukiwa mweusi papo hapo, punguza moto. Amefanya hivyo maelfu ya asubuhi, mkono unakwenda wenyewe kama unavyokwenda kujikuna, kichwa hakina habari. Alikuwa anakamua, anachagua, anaosha, anaapa, na kila siku ya Mungu, kwa wiki tisa, mkono uleule ulikuwa unamtilia mtoto sumu yake.

Kwanza, na tuseme ukweli, alifikiria kuficha. Nani ameona? Mtoto wa miaka mitatu na nusu. Kopo lingeingia kwenye pipa la taka, kikaango kingesuguliwa, na baada ya mwezi tumbo lingenywea na watu wangesema bibi ana mkono wa baraka. Wazo hilo lilimkalia kichwani kwa muda wa kutosha kichapati kuungua. Naam, kiliungua! Kwa mara ya kwanza katika maisha yake moshi ulipanda mbele ya macho yake na hakuinuka.

Lakini kuna Alhamisi. Atawaambia nini waiahirishe? Wamlaze mtoto, wamwingize mpira, wamkate utumbo, bibi akiwa kakaa kwenye benchi na siri mfukoni? Na yule mkwewe aliyesimama kwenye korido jana na barua mkononi, amwache hivyohivyo? Mama Upawa alizima jiko, akamfunga Kidoti mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, maana alikuwa mwepesi wa kubebeka, na akatoka. Hata aproni hakuvua.

Miaka mitano hakuwahi kukanyaga saluni ya mkwewe. Alisema dawa za nywele zinampa maumivu ya kichwa. Kwa hiyo alipotokea mlangoni na aproni yake, jasho linamtiririka na mtoto mgongoni, Mama Kidoti aliyekuwa anamsuka mteja alisimama ghafla, chanuo mkononi.

"Mama! Kidoti ana nini?"

"Hana kitu. Mzima." Mama Upawa alikuwa amepanga kumwita nje, wakae mahali pa faragha, aanze mbali. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na sasa yote yalikuwa yamemtoroka. "Ni unga, mwanangu. Ni mimi. Nilikuwa natia unga kwenye mafuta, wa kupimia moto, kidogo hivi. Kila asubuhi. Mkono tu, mimi mwenyewe sikujua. Kidoti ndiye kanionyesha sasa hivi. Niliapa uongo mbele ya daktari na sikujua kama ni uongo."

Mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, aligeuka kutazama.

"Unga?" alisema Mama Kidoti.

"Unga."

"Unga tu?"

"Unga tu."

Mama Kidoti akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa palepale sakafuni kwenye nywele zilizoanguka, akaziba uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Mama Upawa alidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alipoondoa mikono alikuwa pia anacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo na bado anausikia mgongoni. "Unga tu! Jamani, mtoto wangu anaumwa unga tu!" Mteja naye akaanza kufuta machozi, wala hakujua kisa.

Kisha hasira ikaja, na ilikuwa na haki ya kuja.

"Wiki tisa, mama! Nilikuuliza!"

"Uliniuliza."

"Ukaninunia!"

"Nilikununia."

"Siku tatu!"

"Zilikuwa nne," alisema Mama Upawa, maana siku hiyo alikuwa ameamua kusema kweli yote.

Mama Kidoti alimtazama kwa jicho kali, likadumu kidogo, halafu kicheko kikamtoka tena bila ruhusa. Akampigia simu daktari hapohapo sakafuni. Daktari alisikiliza, akauliza, "Vidole viwili?" Akathibitishiwa kwamba ni viwili. Basi inatosha, alisema, inatosha kabisa kumweka mtoto katika hali ile. Alhamisi msiende. Nunueni kikaango kipya na mwiko mpya, kopo hilo litoke ndani ya nyumba, nimwone baada ya wiki sita. "Na mwambie bibi natamani nimchape, halafu nimshukuru."

Mama Upawa aliyasikia, maana simu ilikuwa inapayuka. Akamfungua mtoto mgongoni. Kidoti alikwenda kumshika mteja upande wa nywele zilizotimka, akauliza kama naye ni mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata Mama Upawa alimkabidhi mkwewe mwiko mpya. "Mimi basi. Sistahili kumpikia tena." Akaenda akakaa kwenye kigoda pembeni, mikono yote miwili kaikalia, anaiogopa kama mbwa aliyewahi kuuma.

Mama Kidoti akapika. Karoti hakuzikamua vizuri. Kikaango hakikuwa kimepata moto. Akageuza mapema, kichapati kikakatika vipande vinne, akavikusanya, vikawa saba.

"Sijasema kitu," alisema Mama Upawa.

"Nimekusikia hukusema." Mama Kidoti alifuta paji la uso kwa kiwiko. "Mama, acha utani, njoo hapa. Mwanangu atakula makombo mpaka lini? Nitasimama hapahapa nikuangalie mikono, basi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mmoja alipika, mwingine alisimama bega kwa bega anatazama vidole, na kwa kutazama hivyo alijifunza kukamua na kungoja. Moto walipimia tone la maji. Mara mbili wiki ile ya kwanza, vidole vya Mama Upawa vilipanda kwenye rafu vikapapasa pasipo na kopo, na mara zote mbili Mama Kidoti aliushika ule mkono na kuushusha taratibu.

Wiki ya tatu choo cha mtoto kilitulia. Ya nne, tumbo lilikuwa linanywea, na baba mtu aliporudi safarini alimwinua binti yake akasema, "He! Huyu mnamlisha mawe?" Ya tano, asubuhi moja ya kawaida tu, Kidoti alimaliza vichapati vyake vyote vitatu, akafuta sahani kwa kidole, akawatazama wakubwa wake.

"Bado nina njaa."

Toka azaliwe walikuwa wanambembeleza, wanamwimbia, wanamkimbiza na kijiko mpaka uani, na njaa kwake lilikuwa neno la watu wengine. Mama Upawa alimtazama mkwewe, mkwewe akamtazama yeye, na wote wawili machozi yakawajaa.

"Mayai yameisha," alisema Mama Upawa.

Mama Kidoti alikuwa ameshafika mlangoni, ndala moja yake na nyingine ya mumewe. "Washa jiko, mama!" aliita, na akatoka mbio kwenda dukani.