Nukta Chini ya Tarehe

Taa nyekundu ya studio ilikuwa imewaka, na baba yangu alikuwa akisubiri kwenye laini ya pili.

Sikujua kuwa ni yeye. Nilichoona ni fundi mitambo, ng'ambo ya kioo, akininyooshea vidole viwili kwa furaha ya mtu aliyenasa msikilizaji mzuri. Nilikuwa nimemaliza kusoma orodha ya siku: mwanahisabati aliyezaliwa tarehe hiyo na kukataliwa na shule tatu, malkia aliyevikwa taji angali mtoto, daraja la reli lililoporomoka saa chache baada ya kukatwa utepe. Na chakula pia, maana kipindi changu hakikusahau tumbo. Ilikuwa siku ya uji duniani, nikatania kidogo kuhusu uji wenye madonge. Sikusema kwamba ilikuwa pia siku yangu ya kuzaliwa. Nilikuwa natimiza miaka arobaini na miwili, na sikutaka pongezi za mtu.

"Karibu hewani," nikasema.

"Haloo? Hapo ni redio?"

Ilikuwa sauti ya baba.

Baba yangu alipanga herufi za kuchapia kalenda kwa miaka thelathini na mmoja. Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Kalenda, na mama naye, akishakasirika, alimwita hivyohivyo. Alisoma herufi za risasi kinyumenyume haraka kuliko wengine tunavyosoma kwenda mbele. Mtajie tarehe yoyote, hata ya kabla hajazaliwa, angetazama dari kidogo akakwambia ilikuwa siku gani ya juma. Nilipopewa kipindi cha Siku Kama ya Leo, akawa mhariri wangu asiyeajiriwa. Kikiisha tu, simu inalia.

"Yule mpiga tarumbeta umemzaa mapema kwa siku moja," angesema. "Kesho mrudishe tumboni."

Kisha tarehe zikaanza kumponyoka. Kwanza ilikuwa Jumatano moja, akacheka. Baadaye ukawa mwezi, ukawa mwaka, na kwake mama, aliyekuwa kaburini tayari, akawa anachelewa kurudi kutoka sokoni. Dada yangu mkubwa akamchukua kwake. Mimi nilikwenda kila Jumapili, halafu Jumapili moja moja. Mara ya mwisho alinifungulia mlango mwenyewe, akanitazama viatu, akaniambia bomba linalovuja liko jikoni. Nililitengeneza lile bomba. Nikanawa mikono, nikaaga kama fundi, na kwa miezi mitano sikurudi. Nilijiambia kazi imenibana.

"Ni redio, mzee wangu," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Kuna mtu umemruka kwenye orodha yako."

"Nani huyo?"

"Mwanangu. Kazaliwa siku kama ya leo. Ilikuwa Jumanne. Mama yake aliomba uji, nikauunguza hadi sufuria ikatupwa." Akacheka kidogo, peke yake. "Kisha nikaenda kazini. Tulikuwa tunapanga kalenda ya mwaka unaofuata. Nilipofika kwenye tarehe yake, nikaweka nukta chini ya namba. Nukta ndogo tu. Kalenda zote zikatoka nayo, maelfu. Watu walidhani ni uchafu wa wino. Msimamizi alinigombeza, nikanyamaza."

Hakuwahi kunisimulia hilo. Miaka arobaini na miwili, hakuwahi.

Ilinipasa kusema, Baba, ni mimi. Maneno matatu. Yalifika kwenye meno yakasimama. Nilimwona fundi mitambo akinionyesha dole gumba. Niliwaza habari itakayozagaa, mtangazaji ambaye baba yake hamjui, nikaona aibu. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe: si huzuni, aibu. Basi nikauliza swali la mtangazaji.

"Na sasa huyo mwanao yuko wapi, mzee?"

"Sijui." Alikohoa. "Alikuwa anakuja. Labda nilimuudhi. Mimi siku hizi nasahau, huenda nilisema kitu. Ukimwona mwambie sina neno naye."

"Nitamwambia."

"Una sauti nzuri wewe. Baba yako anakusikiliza?"

"Ananisikiliza," nikasema, nikaweka muziki.

Mkuu wa vipindi alikuja mbio studioni kunipa mkono. Simu zilikuwa zinamiminika, akasema, watu wanalia majikoni na maofisini, huyo mzee atafutwe tumrudishe hewani. Nikamwambia naumwa. Nikaondoka, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa dada.

Dada alikuwa kibarazani akichambua mchele, sinia mapajani. Hakuinua uso.

"Aliniomba nimpigie redio," akasema. "Nikajua amekumbuka siku yako. Nikafurahi kama mjinga. Nikajua mtaongea."

"Tulikuwa hewani, Dada."

"Kwani hewani hakuna baba?"

Alitupa punje mbovu uani, kisha akasogeza miguu nipite.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la kazini lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alinikaribisha kwa adabu zote, akanisogezea kiti, akaomba radhi kwamba hakuna cha kunywa. Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, ni mimi. Ni mwanao."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilimwona anatafuta, kweli anatafuta, kama alivyotafuta herufi iliyodondoka chini ya meza. Kisha hofu ikamwingia machoni, akarudi nyuma kitandani na kumwita dada. Kwake yeye, mtu mzima asiyemjua alikuwa amemshika magoti akilia.

Nikamwachia. Nikarudi kwenye kiti, nikajifuta uso.

"Samahani, mzee," nikasema. "Nimetumwa na mwanao. Anakusalimu."

Mabega yakamshuka. "Umemwona?"

"Nimemwona leo asubuhi."

Kuanzia siku hiyo nilikwenda kila alasiri baada ya kazi, kwa miezi kumi na mmoja, nikiwa mtu anayeleta habari za mwanawe. Aliniuliza mambo ambayo hakuwahi kuniuliza nikiwa mimi. Anakula vizuri? Ana mtu wa kuongea naye? Bado anang'ata kucha? Nilimjibu yote, na mara nyingi nilijipendelea. Dada alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akisikiliza. Baada ya siku ile ya redio alikuwa hanisemeshi; alianza tena mwezi wa tatu wa ziara hizo.

Juma lake la mwisho sauti ilikuwa imebaki ndogo, ikabidi niinamishe sikio.

"Yule mwanangu," akasema, "ana kazi nyingi?"

"Nyingi kidogo, mzee. Lakini anataka kuja."

Akafikiri. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, nikaweka wangu karibu, bila kuugusa.

"Basi mwambie asijisumbue," akasema. Akafumba macho, nikadhani amelala. "Lakini mwambie nilimuulizia."