Dakika Nne za Kumwita Kaka

Siku nne nilikuwa nimemnunia kaka yangu, na kumnunia mtu unayefanya naye kazi si mchezo. Mimi naendesha trekta la kuvuta mizigo; yeye ndiye anayeingia tumboni mwa ndege kuyapanga mabegi. Kila begi analolishika nimelileta mimi. Basi namfikishia matela, nageuza uso, naangalia mawingu kana kwamba nimeajiriwa kuyalinda.

Ugomvi wenyewe ulikuwa karatasi. Wakubwa walitaka kazi zetu zote za chini ya ndege wapewe kampuni ya nje. Sisi tukasema hatugawiwi kama meza za ofisi, tunaingia chama kitusemee. Tuko arobaini na mmoja. Sahihi zikifika ishirini na moja, wakubwa lazima wakae na chama kabla ya kumkabidhi mtu chochote. Tulikuwa na ishirini, na mwisho wa kuipeleka karatasi ulikuwa siku hiyo ya nne, saa tisa alasiri. Wa ishirini na moja, ambaye nilikuwa nimewaahidi watu kifua mbele kwamba huyu ni wangu msiwe na shaka, akakataa.

Kampuni ya nje ilikuwa imemwahidi usimamizi. Nilipopata habari sikuwa na simile. Mbele ya watu wote, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilimwambia amejiuza. Mdomo wangu hauna breki. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa jina la Honi. Alifunga kabati lake akaenda zake. Na mimi, badala ya kumwomba radhi, nikanuna.

Hapa lazima niseme jambo ambalo husimuliwa kwa kila mgeni anayeingia kikosini, na mimi hujifanya silisikii. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mpakiaji, sijapewa trekta. Siku moja nikaunganisha zamu mbili. Nikamaliza kupanga, nikajiegemeza kwenye mabegi nivute pumzi kidogo, usingizi ukanichukua. Mlango ukafungwa. Kaka alipofika kwenye trekta akaona nafasi yangu i wazi. Akarudi mbio, akasimama mbele ya ndege yenye injini zinazounguruma, amepishanisha mikono juu ya kichwa, mpaka rubani akazima. Waliponitoa nilikuwa na alama ya zipu shavuni. Watu wanacheka mpaka leo. Kaka hajawahi kucheka.

Tangu hapo akaweka utaratibu. Mlango wa tumbo haufungwi mpaka aliye nje amwite aliye ndani, kwa jina lile lile analomwita kila siku, na aliye ndani ajibu "nipo". Haukuandikwa popote. Ni wetu tu.

Sasa siku hiyo ya nne, ndege ya saa sita mchana, mlango ulikuwa wangu kuufunga. Bwana Saa naye alikuwepo. Huyo ni mtu wa kampuni ya nje, tulimpa jina hilo kwa ile saa ya kupimia muda aliyoining'iniza shingoni. Kaka yuko ndani. Nikagonga mlango mara tatu kwa kiganja. Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Nikachungulia: huyo hapo, amekaa juu ya sanduku la bluu, mikono magotini, ananitazama. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili amegoma kutoka mpaka aitwe.

Nikasema moyoni, utakaa humo uende na wasafiri. Tukatazamana. Dakika ya kwanza, ya pili. Jasho linamtiririka, hafuti. Ya nne nikashindwa. Sitaki kudanganya, nilikuwa na hamu naye.

"Kaka," nikaita.

"Nipo," akajibu papo hapo.

Akatoka ametanguliza miguu, pole pole, mkono mmoja umeshika kiuno. Siku zote hizo anaposhuka mimi nageuza uso. Siku hiyo nilimtazama. Goti lilikataa kukunjuka. Akasimama amekishika chuma cha mkanda wa kupandishia mizigo, akingoja liwe lake tena.

"Magoti yamekwisha, Honi," akasema. "Miaka ishirini na mbili natambaa humo ndani. Nilitaka kazi ya kusimama, basi."

Roho ilinisuta vibaya. Hapo Bwana Saa akatufikia. Alikuwa mtu mpole, lazima nimpe haki yake. Akatuonyesha dakika nne zilizopotea, kisha akamweleza kaka, kama mtu anayeongea na wa kwao, kwamba akishakuwa msimamizi, hiyo ya kuitana ndiyo atakayoanza kuiondoa. Muda ukifika, mlango unafungwa.

"Na aliye ndani?" kaka akauliza.

"Aliye ndani anajua muda wake."

Kaka akanitazama shavu, lile lile la zipu. Akamshukuru Bwana Saa kwa adabu zote, kama mtu aliyekaribishwa chai naye ameshiba. Kisha akaninyooshea mkono.

"Lete karatasi."

Siku nne naililia sahihi hiyo, sasa naishikilia karatasi siitoi. Nikamuuliza, na magoti?

"Hayo chama chako kitayasemea. Au hakijui kusema?"

Akaiweka juu ya boneti ya trekta, akatia sahihi herufi kwa herufi. Saa nane na nusu ilikuwa mezani kwa watu wa chama, na mimi nimerudi kazini.

Ndege ya saa kumi niliingia tumboni mimi. Kaka nilimwambia asimame mlangoni, na safari hii hakubisha. Miaka sijapanga mizigo. Nilipomaliza mgongo ulikuwa unaniapiza. Nikamsikia anagonga.

"Honi."

Nikanyamaza. Nikajisemea, na yeye aonje. Nikakaa juu ya begi, nimeziba mdomo nisicheke.

"Honi."

Sauti ilikuwa si ile. Ilikuwa ya mtu aliyesimama mbele ya injini, mikono juu ya kichwa, hajui kama ndege itasimama. Miaka yote hiyo alikuwa bado amesimama pale.

"Nipo, kaka," nikasema, natambaa kwa magoti kumfuata. "Nipo, nipo, natoka."