Kiwanja Kilichotandikwa

Mgongo wangu hauna ugonjwa wowote. Naliweka wazi hilo mapema kwa sababu mama mkwe amewatangazia majirani kwamba silimi kwa ajili ya mgongo, eti ananisitiri. Silimi kwa sababu sitaki. Mwaka jana nililima kiwanja chetu mara mbili, nikakipalilia Jumapili kumi na moja, na Jumapili ya kumi na mbili nikakuta magugu yamefika magotini, kana kwamba muda wote nilikuwa nayahudumia yenyewe.

Tunakaa kwenye nyumba za watumishi wa hospitali, ambako mimi ni mtunza ghala. Nyuma ya nyumba kuna viwanja vya bustani, kila familia kimoja, na masharti yamebandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Sharti la nne linasema kiwanja ambacho hakijalimwa kwa jembe hadi siku ya ukaguzi kitapewa mwombaji anayefuata. Liliwekwa mwaka ule kiwanja cha mpishi kilipogeuka kichaka, akatoka nyoka akaingia jikoni kwa mkunga. Mwombaji anayefuata alikuwa jirani yangu, fundi bomba mstaafu ambaye mkewe bado ni muuguzi hapa. Sote tunamwita Trekta. Kiwanja chake anacho. Alitaka na changu.

Sasa mwaka huu nilifanya hivi. Nilifyeka magugu nikayalaza palepale. Juu yake nikatandaza maboksi ya ghalani, yale ya chupa za dripu, baada ya kuyabandua tepu zote za plastiki, kila boksi likilalia mwenzake kwa shubiri nzima ili magugu yasipate upenyo. Nikayalowesha. Nikamwaga mboji: maganda ya jikoni, majani ya chai, samadi ya kuku, vyote vilivyooza pamoja tangu kiangazi. Juu kabisa nikaweka matandazo ya nyasi kavu, manene kama godoro la mtoto. Nikatoboa mashimo, nikapanda miche arobaini na mmoja ya nyanya, nikanawa mikono. Kazi ya Jumamosi moja.

Trekta alisimama mpakani, jembe begani.

"Mama, hapa unahamia au unahama?"

"Napanda nyanya, mzee."

"Juu ya maboksi."

"Juu ya maboksi."

Akainama akasoma. "Hili limeandikwa 'Hifadhi mahali pakavu'. Na wewe unalimwagia maji."

"Nyanya hazijui kusoma."

Mama mkwe alikuja kwetu kunisaidia nilipojifungua kitindamimba, na mtoto sasa ana miaka minne. Yeye alitazama kupitia dirisha la jikoni, akangoja niingie.

"Shamba halitandikwi," aliniambia. "Kinachotandikwa ni kitanda. Watu watasema mke wa mwanangu ametandika shamba ili alale."

"Nitalala, Mama. Kila Jumapili mchana."

Na nililala. Hilo ndilo lililowaudhi watu. Trekta alikuwa shambani kabla jua halijachomoza, anang'oa magugu na kugeuza udongo, na kila akigeuza, mbegu nyingine zilizokuwa zimelala zinaamka kumsalimia. Kwangu yaliota magugu saba. Idadi naijua kwa sababu niliyang'oa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai.

Siku kumi kabla ya ukaguzi, jina la Trekta likabandikwa chini ya masharti: anaomba kiwanja changu, kwa sababu hakijalimwa. Baba watoto, ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa na hababaishwi na kitu barabarani, alirudi nyumbani amebabaika.

"Lima kidogo tu, mama watoto. Waone udongo umeguswa."

"Nyanya zimeanza kuzaa. Nikipiga jembe nakata mizizi, nachana maboksi, magugu yanaona mwanga. Niharibu kila kitu ili karatasi ya ukutani ifurahi?"

"Basi tutanyang'anywa."

"Basi tutanyang'anywa."

Nililisema hilo nimekaza shingo, kisha nikaenda kujifungia bafuni. Watu saba wanakula nyumbani kwangu, na nusu ya kinachowekwa mezani hutoka pale.

Siku ya ukaguzi alikuja katibu wa viwanja, ambaye kazini ni fundi wa eksirei: mtu mpole, lakini wa maandishi. Kama halijaandikwa, kwake halipo. Trekta alikuwa ameshafika, jembe lake limenolewa. Mama mkwe alitoka na kigoda chake akaketi kama shahidi.

Katibu alizunguka kiwanja. Aligusa nyanya moja, kijani, kubwa kama ngumi.

"Kimelimwa?"

"Hapana," nilisema.

"Mgongo," alisema mama mkwe.

"Mgongo wangu mzima, Katibu."

Akatikisa kichwa kama anayetoa pole. "Mboga zimependeza. Lakini sharti linasema kwa jembe, na sikuliandika mimi." Akafungua kalamu.

Trekta angenyamaza pale, angeshinda. Lakini kushinda hakukumtosha, alitaka na kuonekana ana haki.

"Ngoja kwanza, Katibu. Watu waone alichoficha. Magugu yapo humo chini, mazima kabisa. Kayafunika blanketi tu."

Akainua jembe akalishusha kwa nguvu zile anazotumia kwenye udongo wake mkavu. Kwangu lilizama lote, na yeye nusura alifuate. Alipolivuta likaja na udongo mweusi, kipande cha boksi lililooza, na minyoo iliyoshtuka. Hakuna gugu.

"Hapa ni bahati," alisema.

Akasogea hatua, akapiga tena. Udongo. Akasogea. Minyoo. Jasho likaanza kumtoka, na bado anaenda, ananung'unika "yapo, yapo", hadi akafika mwisho wa kiwanja, akageuka, akaanza mstari wa pili. Nilifungua mdomo nimzuie, kwa maana nyanya zilikuwa zinaanguka. Mama mkwe akanifinya mkono.

"Mwache mzee afanye kazi," alininong'oneza.

Mwisho wa mstari wa pili Trekta aliinua kijimzizi cha gugu kwa vidole viwili. "Ndago."

Katibu akaisogelea, akaitazama kama picha ya kifua. "Imekufa hii."

"Imezimia tu."

"Katibu, mwanangu," alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda, "hebu nisomee tena hilo sharti. Macho yangu haya."

Katibu akasoma: kiwanja ambacho hakijalimwa kwa jembe.

"Limesema kilimwe na nani?"

Akageuza karatasi, akatazama na nyuma. "Halijasema."

"Na hicho alichoshika jirani yetu kinaitwaje?"

Trekta alilitazama jembe lake kama limemsaliti.

"Mimi nilikuwa nachimba," alisema. "Kuchimba na kulima ni vitu viwili."

Katibu alifikiri. Alitazama mistari ile miwili, imenyooka, maana mzee analima vizuri, hilo simnyimi.

"Mzee, ulifika mwisho ukageuka," alisema. "Anayechimba hageuki."

Akaandika: kimelimwa. Akatia saini, akaenda kwenye kiwanja cha mkunga.

Nilihesabu miche tisa iliyokatwa. Furaha na hasira zikanijia pamoja, na kama kawaida yangu ikatangulia hasira.

"Mzee, ulipofungua, funga."

Hakubisha. Alileta miche tisa ya kwake, midogo kuliko yangu, nikaipokea hivyohivyo. Nikamletea maboksi. Akapiga magoti, akaanza kuziba, na mama mkwe akasogeza kigoda karibu yake.

"Lowesha kwanza. Nani kakwambia linawekwa kavu? Haya, lilalie mwenzake. Shubiri, mzee. Hiyo uliyopima ni ya mtoto mchanga."

Sikumuuliza amejifunza lini. Niliingia ndani kumtafutia Trekta maji ya kunywa. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, na mtu aliyekulimia, hata kama alikuja kukunyang'anya, humwachi na kiu.