Kadi ya Bi Mdogo

Fundi wa pampu alikaa safu ya mbele, mama mkwe wake ubavuni, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na kadi ya kijani ambayo hakuwa amemwonyesha mtu kwa siku kumi na nane. Meza za kantini ya kiwanda zilikuwa zimesukumwa ukutani, na mwenyekiti wa kamati iliyochunguza mlipuko alikuwa akisoma kosa la marehemu mumewe.

"Mpango wa hitilafu uko wazi," alisema. "Pampu ya kwanza ikifa, mwendeshaji awashe ya akiba. Maji ya kupozea tangi yasipofika ndani ya dakika moja, akimbie. Marehemu alikaa dakika nne. Alikiuka."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Goti lake lilikuwa bovu, hakwenda popote bila kushika bega la mkwewe, na tangu msiba alikuwa na swali moja tu: mwanangu alikosea wapi?

Mpango huo aliuandika fundi mwenyewe, wala haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa yao mafundi. Pampu kubwa waliiita Bi Mkubwa, ya akiba Bi Mdogo, na Bi Mkubwa akiugua, desturi ilikuwa kumwazimia kiungo cha mwenzake. Kanuni ilitaka Bi Mdogo avikwe kadi nyekundu papo hapo na tangi lizimwe. Lakini nani azime tangi zima la kemikali kwa ajili ya kipande cha mpira? Wakubwa walijua, wakajifanya hawajui, kazi ikaenda. Za mwizi arobaini, na zao zilitimia.

Asubuhi ya ajali fundi alichomoa mpira unaounganisha mota ya Bi Mdogo na pampu yake, kitu cha kuenea kiganjani, akautia kwa Bi Mkubwa, akarudisha kifuniko. Mpira mpya ungefika stoo saa nane mchana. Kadi ya kijani yenye neno "Tayari" na jina lake akaiacha ikining'inia kwa Bi Mdogo. Saa sita na robo mota ya Bi Mkubwa iliungua.

"Kuna mwenye neno?" mwenyekiti aliuliza.

Kipara, aliyekuwa zamu moja na marehemu, alisimama, mkono bado una bandeji.

"Mimi nilimsikia redioni. Nikamwambia toka kaka, dakika imepita. Akanijibu, 'Tulia wewe. Mota inanguruma vizuri, maji yanakuja. Kadi ni ya mama watoto, huyo hajawahi kunidanganya.' Akacheka kabisa." Alimgeukia fundi. "Shemeji, nilitaka ujue kwamba hakufa na hofu."

Masikini, alidhani anamfariji. Pampu zote mbili zilikuwa vyuma vilivyokunjamana chini ya kifusi, na hakuna ambaye angejua kitu. Fundi angenyamaza, lawama ingebaki kwa marehemu, naye hana mdomo wa kujitetea.

Akasimama.

"Mota ilinguruma kwa sababu ilikuwa inazunguka peke yake," alisema. "Haikuwa imeshikana na pampu. Mpira niliutoa mimi, na kadi nikaiacha ya kijani."

Aliitoa mkobani. Mwenye kuwasha pampu huchukua kadi yake na kuitia mfukoni, ndivyo walivyozoea. Fundi alikuwa amekabidhiwa kadi hiyo pamoja na saa ya mumewe.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akaipokea, akaigeuzageuza. Hakujua kusoma.

"Nisomee."

"Imeandikwa 'Tayari', mama."

"Na hapa chini?"

"Jina langu."

Bibi alipitisha kidole juu ya maandishi, polepole.

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea."

"Hakukosea, mama. Aliniamini."

"Ahsante," mama mkwe alisema. "Umenirudishia mwanangu."

Aliilaza kadi kwenye kiti, akajiinua kwa shida. Fundi akainama kidogo, kama alivyozoea, ampe bega la kushika. Bibi hakulishika. Aliuegemea ukuta mpaka mlangoni, akaanza kushuka ngazi peke yake, moja moja, kwa goti lile lile bovu.