Mashine Iliyoacha Kulalamika

Fundi wa mashine za kufulia, ambaye mtaa mzima humwita Sikio, aliweka ncha ya bisibisi kwenye mgongo wa mashine na kuuegemeza mpini sikioni. Ndivyo anavyosikiliza mota. Ilinguruma kama paka aliyeshiba.

"Mama, hii haina ugonjwa."

"Huo ndio ugonjwa wenyewe, mwanangu," akajibu mwenye mashine, aliyekalia ndoo iliyofudikizwa. "Imeacha kuandika E8. Wiki tatu sasa. Nataka uirudishe."

Sikio alifungua kitabu chake. E8: nguo zimezidi. Akauliza ilikuwa ikitokea lini.

"Kila Jumanne. Naweka nguo saba, inasimama katikati, nafungua nakuta nane. Ya nane ni gauni la kazi la binti yangu."

Binti huyo alikuwa katika mwaka wa pili akifanya kazi za ndani katika nchi ya mbali, alikopelekwa na ofisi ya mawakala. Simu yake ilichukuliwa siku ile ile aliyofika. Mama akienda ofisini huambiwa hajambo, ana kazi nyingi tu. Lakini gauni halijui kudanganya: likija na jasho, mwenyewe yu hai. Mama hulifua, hulianika, kisha ndani ya ukosi huandika kitendawili kwa wino usiotoka, kama walivyotegeana tangu mtoto akiwa darasa la kwanza. Akilirudisha mashineni na kufunga mlango, linakwenda zake. Jumanne inayofuata linarudi na jibu.

"Nani aliigusa?" Sikio akauliza.

Mume wa mama, aliyesimama mlangoni, alikohoa. "Nilileta fundi. Ilikuwa inalia pii-pii, nikaona namsaidia."

"Ukanisaidia kama mvua inavyomsaidia muuza chumvi," mkewe akasema.

Sikio alifungua mfuniko wa nyuma, akaitoa kadi ya umeme. Waya mfupi mwekundu ulikuwa umechomelewa kwenye miguu miwili ya kipima uzito.

"Fundi huyo hakutengeneza. Ameiziba mdomo."

Akaukata, akapima kwa mita, akarudisha skrubu zote.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, wakaweka nguo saba. Mama alizihesabu kwa sauti, Sikio akarudia. Maji yakaingia. Dakika ya tano, kimya. Ya kumi, kimya. Mama alishika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili. Mumewe akaitazama dari kana kwamba ndiyo yenye kosa. Dakika ya kumi na nane mashine ilisimama, ikalia mara tatu, ikaandika E8.

"Hodi hiyo," mama akasema, na pumzi aliyoifungia wiki tatu ikamtoka hadi kioo cha mlango kikaingia ukungu.

Gauni lilikuwa juu kabisa, la bluu, lenye mabaka ya dawa ya kusugulia choo. Kiunoni lilikuwa limekunjwa kupunguza upana na kubanwa kwa pini mbili. Mara ya mwisho ilikuwa moja. Mama alizigusa, hakuzitoa. Akageuza ukosi.

Alikuwa ametega: *Yuko mlangoni kila siku, nje hajawahi kufika.* Jibu lake ni bawaba. Hata mtoto mdogo analijua.

Binti alikuwa ameandika: *Bawaba. Na mimi.*

Mama alisoma mara mbili. "Yu hai," akamwambia mumewe, "na mwandiko wake bado ni wa kuku."

Wakacheka wote watatu, mume akijifuta macho kwa soksi mbichi iliyokuwa karibu. Kisha akapanda baiskeli kwenda ofisi ya mawakala kuwaeleza habari za pini na mlango. Mama alipunguza shuka moja, akabonyeza kitufe, mashine ikaendelea. Sikio alibandika karatasi mgongoni mwa mashine: E8 ISIGUSWE.

Mume alirudi mashine ikiwa bado inakamua.

"Wanasemaje?"

"Hajambo. Ana kazi nyingi tu."

Mama aliitikia kwa kichwa, akatoa kalamu ya wino usiotoka, akamgeukia Sikio.

"Nitafutie kitendawili, mwanangu. Chepesi. Na jibu lake liwe kitu cha kula."